Programu ya Kuhesabu Ng'ombe

Nilikuwa najua mambo matatu ya Python, lugha ya kuandikia programu: kuuliza swali, kupokea namba, kutoa namba moja kwenye nyingine. Kwa hiyo nilijiona injinia. Mwalimu wa kompyuta aliniazima laptop ya shule kwa sharti moja: Jumatatu nilete programu iliyotumiwa na mtu mwingine, la sivyo laptop inaenda kwa mwanafunzi mwingine. Kwetu Kitengela kifaa cha umeme cha maana tulicho nacho ni pasi.

Deskmate wangu, tunayekaa naye dawati moja, alisema babu yake, huko Kajiado, ako na ng'ombe wengi. Nikaandika programu: wangapi wametoka asubuhi, wangapi wamerudi, wangapi wamepotea. Niliijaribu na namba zangu mpaka nikachoka kujisifu.

Jumamosi tukaenda. Nikainamisha kichwa kumsalimu mzee, akanigusa utosini, nikafungua laptop juu ya jerikeni.

"Babu, ng'ombe wangapi wametoka leo?"

"Wametoka."

"Sawa, lakini wangapi?"

"Wote."

Deskmate alikuwa ameziba mdomo, mabega yanaruka. "Boss, ng'ombe hawahesabiwi. Unawaitia balaa."

"Na hukuniambia?"

"Ungesikia? Ulikuwa unaringa."

Nikamwomba mzee namba ya uongo tu, hata tatu. Alinitazama mpaka nikaangalia viatu vyangu. "Andika wote," akasema. Nikaandika. Maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini.

"Inasema nini?"

"Imekataa, Babu."

"Basi haijui ng'ombe."

Jioni mifugo ilirudi. Mzee alisimama mlangoni mwa boma akiwatazama ng'ombe wakipita. "Yule mwekundu wa pembe iliyovunjika hayuko," akasema. Mchungaji akarudi malishoni, akampata kwenye korongo. Hakuna aliyetaja namba.

Nikajaribu kuifundisha programu rangi na pembe. Nikirekebisha mstari mmoja, mitatu inaanguka. Betri ikaisha kabla yangu.

Jumatatu mwalimu akaifungua. "Weka namba tuone." Ningeweka yoyote, ingefanya kazi vizuri sana. Lakini deskmate alikuwa hapo kando, na safari hii hakuwa anacheka.

"Sina namba, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Kwa kawaida hicho ndicho chakula changu. Siku hiyo hakikushuka.

Laptop ilienda. Sasa naandika programu kwenye daftari: mwekundu, mweusi, wa madoa, wa pembe iliyovunjika. Kurasa nne tayari. Daftari haliweki maandishi mekundu, halikatai kitu, na sina njia ya kujua kama nimepatia hata mstari mmoja.