Vidole Vinne Kila Mwaka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na kitu alichokiamini kuliko vyote duniani ni futi yake ya kitambaa, ile ya kupimia wateja. Aliivaa shingoni tangu anaponawa uso hadi anapozima taa. Namba za mwanzo zilikuwa zimefutika, lakini alizijua kwa kidole. Binadamu hudanganya, alisema, futi haina ulimi.

Wanawake walimpenda kupita kiasi. Walikuwa wakiwapita mafundi watatu njiani ili washonewe na yeye, kwa sababu kwa Shangazi kiuno kilikuwa kinapungua. Mtu aliyepimwa sentimita mia kwingine, kwake alisomewa tisini na saba, na gauni likamkaa sawasawa. Nani abishe? Ni kwaya moja tu iliyowahi kulalamika. Walituma vipimo kwenye karatasi, na sare zikaja zinapwaya kwa wote, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi. Shangazi akasema kwaya imekonda kwa mazoezi, akazipunguza, yakaisha.

Yasiyoisha yalikuwa ya mpaka. Jirani yetu ni nesi mstaafu, na zamani chumvi ilikuwa ikivuka uzio wa mabati kati yetu mara mbili kwa siku. Kisha Shangazi akataka kujenga kijichumba cha kushonea. Akapima upana wa kiwanja kwa futi yake, mimi mtoto wa kaka yake nikishika ncha ya pili, akaandika jibu kwa chaki nyuma ya mlango. Mwaka uliofuata akapima tena. Vilikosekana vidole vinne. Mwaka wa pili vinne vingine. Akakata shauri kwamba Nesi anausogeza uzio.

Nilimwambia mabati hayana miguu. Akanijibu kwamba Nesi anayo. Ndiyo, alikuwa nayo, ila magoti yake yalikuwa yamechoka kiasi kwamba alishika ukuta kwenda kuanika nguo. Shangazi hakushtuka. Wagonjwa wa magoti ndio wa kuogopwa, alisema, maana hakuna anayewashuku.

Miaka saba hawakusalimiana. Mimi havikuniuma hivyo vidole hata kimoja. Kilichoniuma ni kwamba Shangazi hakuwa na rafiki mwingine. Nesi alianza kushonewa kwingine, na kila akipita amevaa kitu kipya, Shangazi aliteseka mara mbili: mara moja kwa hasira, mara ya pili kwa jinsi mabega yale yalivyokatwa.

Mwaka wa saba akasema basi, akamwita mpima ardhi mwenye leseni. Aliapa kwamba mstari ukishajulikana atakwenda mahakamani, uzio ung'olewe, na yeye na Nesi wazikwe bila kusemezana. Kama mstari ungesema vingine, hilo hakulifikiria.

Mpima ardhi alikuwa mtu mpole mwenye kofia pana. Alitaka majirani wote wawili wawepo, kwa hiyo Nesi akaletewa kiti upande wake. Alifukua magugu hadi akayapata mawe ya mpaka, yote mahali pake, akasimamisha mashine yake ya miguu mitatu, akachungulia, akaandika. Halafu akasema kiwanja kina mita ishirini kamili, kama hati inavyosema, na uzio uko juu ya mstari.

Shangazi akamwambia mashine yake inaumwa. Akavua futi shingoni apime mwenyewe mbele ya mashahidi. Yule bwana hakubishana. Aliiomba, akailaza barazani kando ya futi yake ya chuma, akainama.

"Mama," akasema taratibu, "hii imevutika. Imezidi sentimita nne na kitu."

Kila mwaka kitambaa kilikuwa kinarefuka kidogo, na kiwanja kinasomeka pungufu. Mwili aliupima kwa futi hiyo na nguo akaikata kwa hiyohiyo, kosa likajifuta lenyewe. Ardhi ilikuwa imepimwa na mtu mwingine. Nilizikumbuka zile sare za kwaya zilizopwaya, nikajiuma mdomo nisicheke.

Nesi hakucheka. Alitia sahihi karatasi ya mpima ardhi, akajikokota ndani.

Siku tatu cherehani haikulia. Shangazi aliona haya hadi ya kula. Siku ya nne akanunua futi mpya, akachukua kitambaa chake kizuri kabisa, cha maua ya buluu, akaniambia nimsindikize kwa Nesi, kwa kuwa peke yake angerudia mlangoni.

"Nimekukosea miaka saba," alimwambia Nesi. "Sina la kujitetea. Simama nikupime."

Nesi akasimama, mkono ukutani. Shangazi akamzungushia futi mpya kiunoni, akasoma kwa sauti ya chini: mia na kumi na mbili.

Nesi akaitazama ile futi mpya.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nyumbani. Naona haya hata kuishika."

"Kailete," akasema Nesi. "Nakusubiri nimesimama hivihivi, na magoti yangu unayajua."

Shangazi alitoka mbio, na mwendo huo sijawahi kuuona kwake. Aliporudi, futi ya zamani ilisoma mia na tisa. Nesi akasema kiuno chake ndicho hicho, siku zote alikijua, kisha akaniuliza kama kwetu kuna chumvi.