Mrututu wa Baba

Baba yangu alilipata neno "mrututu" Tanga, alikokuwa mpishi kabla ya kurudi kwetu Iyunga. Donda la mguuni lilipomzidi, alikataa katakata kwenda hospitali.

"Niletee mrututu tu," aliniambia.

Nilizunguka maduka ya Mbeya asubuhi nzima. Hakuna aliyelijua neno hilo, nami sikuweza kueleza, maana sikuwahi kuuona mrututu wenyewe. Katika duka la mwisho, bibi mmoja wa Kihindi aliyekuwa akichambua mchele aliinua uso.

"Mrututu! Siku hizi wanauita dawa ya kahawa, ile ya kupulizia mikahawa."

Akanionyesha vijiwe vya buluu, vinavyong'aa kama chupa. Nilimwambia ni wa donda la baba. "Lakini mrututu unakula nyama ya mwili, mwanangu. Mpeleke hospitali."

Niliununua hata hivyo, nikamweleza baba onyo hilo. "Najua," akasema, akausaga mwenyewe. Alipounyunyiza kwenye donda alilia kama mtoto, nami nikamshika mikono, nisijue nimzuie au nimsaidie.

Siku ya nne mguu ulikuwa mweusi mpaka gotini. Tulimbeba hadi hospitali, madaktari wakaukata. Alipozinduka alipapasa blanketi mahali palipokuwa na mguu, kisha akanitazama. Nikamshika mikono tena.