Mpaka wa Bonde la Mzee Antipasi

Ujana wake wote Antipasi aliumalizia nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Alibeba kigoda cha mtemi na usinga wa kufukuzia nzi. Kwa utumishi huo akapewa bonde zima karibu na Kiomboi, kuanzia mwamba mweupe hadi mtoni. Hakuuliza lilikuwa la nani kabla yake. Watu wa ikulu ya mtemi hawakuwa na tabia ya kuuliza.

Watemi wakaondolewa, vijiji vikaanzishwa, bonde likaangukia kwa wakulima. Antipasi akabaki na nyumba ya udongo kilimani na kazi ya kulitazama. Ukungu wa asubuhi ulipofunika mahindi ya watu, aliliona kama zamani: nyasi tupu, ng'ombe wa ikulu wakielea, ngoma ikilia mbali kama moyo wa mtu aliyelala.

Kisha biashara huria ikaruhusiwa. Mfanyabiashara kutoka Mandewa, Singida, akaja kutafuta ardhi ya alizeti, na Joshua, mwana wa mzee, ambaye hakuwahi kushika jembe bondeni, akalidai bonde kwa jina la baba yake ili aliuze. Dorkas, mjane aliyelea wanawe kwa kulima bonde hilo, akapinga. Mwenyekiti wa kijiji akaamua kwa desturi: wadai wazunguke mpaka mbele ya majirani, na atakayetangulia hadi mwisho ndiye mwenye ardhi.

"Baba, leo usiote," Joshua alimwonya. "Wewe tangulia tu."

Walipofika kwenye mwamba, mzee akasimama pembeni ya njia, kichwa chini.

"Twende, mzee!" mwenyekiti akasema.

Hakusogea. Miguu yake haikujua kwenda bila mgongo mbele yake.

"Huyo mtemi unayemngoja amekwama Singida!" mtu akapiga kelele, watu wakacheka.

Dorkas hakucheka. Alisubiri, akamwangalia, kisha akajifunga kanga kiunoni. "Shikamoo, mzee. Kama huendi, mimi naenda."

Akapita mbele. Kanga yake ikapeperuka, na Antipasi akaifuata kwa hatua nyepesi, mkono mmoja ukipunga nzi wasiokuwepo. Alipita kwenye mtama na karanga akaona nyasi. Alifika mtoni akasikia ngoma. Joshua alimvuta shati, akamnong'oneza, akamsihi. Mzee alitabasamu kama mtoto aliyebebwa. Hivyo wakaumaliza mpaka wote.

"Dorkas ametangulia," mwenyekiti akasema. "Bonde ni lake."

"Baba, umetuvua nguo!" Joshua akalia kwa uchungu. Aliililia ardhi asiyowahi kuipalilia, na hakuna jirani aliyemfariji. Nami sioni kwa nini wangemfariji.

Antipasi hakusikia. Alikuwa amesimama nyuma ya Dorkas, akingoja. Kule ikulu mtumishi hakuondoka mpaka aambiwe, na mtemi alikufa bila kumwambia. Dorkas akageuka, akamkuta pale, jasho likimtiririka.

"Umechoka, mzee wangu," akasema kwa upole. "Nenda nyumbani ukapumzike."

Antipasi akainama, akashusha mikono yake, akaanza kupanda kilima, na safari hii mbele yake hakukuwa na mtu.