Mwekezaji wa Kwanza wa Mashine ya Mbaruku

Ukifika Kibaoni ukauliza nyumba ya Scolastica, mtu atakuonyesha, kisha atakuuliza umemkosea nini. Wanasema ana mdomo. Lakini waliokua naye wanakumbuka msichana mpole wa kwaya, aliyependa kusimama mstari wa nyuma ili asionekane. Mdomo aliupata baada ya mumewe kufariki, pale shemeji zake walipokuja na kamba kupima shamba la marehemu hata matanga hayajaisha. Siku hiyo alisimama katikati ya shamba na jembe mkononi, akamweleza kila mmoja ni mtu wa namna gani, akianza na mkubwa hadi mdogo. Walikunja kamba yao wakaondoka. Tangu hapo Scolastica akajua kwamba ukinyamaza unaliwa, na hakunyamaza tena.

Kazi yake ni kupepeta. Mchele ukitoka kwenye mashine ya kukoboa huwa na pumba, vijiwe na chenga, yaani zile punje zilizovunjika. Wanawake wanakaa kwenye maturubai uwanjani, kila mmoja na ungo wake, wanarusha na kudaka mpaka mchele unabaki mweupe. Mteja anaondoka na mchele mzima, chenga anamwachia mpepetaji. Ndio mshahara wake, hakuna mwingine. Chenga ndizo uji wa asubuhi. Chenga zikitwangwa zinakuwa unga wa vitumbua. Binti yake, Queen, alisomeshwa kwa vitumbua vya chenga mpaka akawa mwalimu, na sasa anafundisha huko Inyonga.

Desturi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mbaruku, mwenye mashine, alipofika Kibaoni kutoka Mpanda mjini, alikuwa na injini kuukuu iliyokohoa kuliko ilivyokoboa. Watu hawakumjua. Walipita na magunia yao mbele ya mlango wake wakaenda kwingine. Uwanja wenyewe ulikuwa tope. Scolastica na wenzake ndio waliobeba mchanga kutoka mtoni kwa ndoo, wakamwaga, wakashindilia kwa miguu huku wakiimba. Yeye mwenyewe alizunguka nyumba kwa nyumba kusema, "Leteni mpunga kwa Mbaruku, nitaupepeta mimi." Mbaruku hakuwa na cha kuwalipa. Akasema mbele yao wote, "Chenga ni zenu, mama zangu. Siku zote." Nao wakaridhika.

Basi mwezi wa sita, mavuno yamejaa na foleni ya magunia imefika barabarani, Mbaruku aliwaita wanawake asubuhi kabla ya kuwasha injini. Alikuwa amevaa kofia mpya na alizungumza huku akiangalia pembeni.

"Kuna wawekezaji wanakuja Jumatatu," alisema. "Wanaingia na hela, wanachukua hisa, tunaleta mashine kubwa ya kisasa. Hiyo inakoboa na kuchambua yenyewe. Ni neema kwa Kibaoni yote."

"Neema ije," Scolastica akasema.

"Ila wana masharti yao. Uwanja uwe mtupu, na chenga zote kuanzia siku hiyo ni mali ya kampuni."

Kuku mmoja alipita katikati yao akidonoa, wala hakuna aliyemfukuza.

"Chenga zetu?" Scolastica aliuliza.

"Si mimi, Mama Queen. Ni wao. Hao watu wa hela hawataki kusikia mambo ya desturi. Mimi mikono yangu imefungwa."

Scolastica aliondoka na hasira zake. Nyumbani alisonga ugali ukaungua, akausonga tena. Hakuwa amewaona hao wawekezaji, lakini alishawachora kichwani: watu wa mahali pengine, wameshiba, wamekaa kwenye viti vinavyozunguka, wakapiga hesabu mpaka wakafika kwenye bakuli la uji wa mtoto wa Kibaoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, sawa. Lakini huyu amemjua mpaka chungu chake!

Jioni bombani alimkuta Hadia, mpepetaji mwenzake, mwanamke wa utani asiyeweza kuzika mtu bila kuchekesha waombolezaji.

"Mwenzangu, umekasirika mpaka ndoo inaogopa kujaa," Hadia alisema.

"Wewe hujakasirika?"

"Nimekasirika. Lakini mimi nikikasirika nanenepa. Tufanyeje?"

"Jumatatu tunakuja na nyungo zetu kama kawaida. Tunatandika maturubai katikati ya uwanja na tunakaa. Wakitaka uwanja mtupu, watubebe."

"Mimi watanibeba wangapi?" Hadia aliuliza akijitazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Scolastica akaguna kidogo.

Jumatatu gari jeupe liliingia uwanjani limejaa vumbi la barabara ya Mpanda. Alishuka kijana mmoja tu, pamoja na dereva. Aliitwa Kelvin, ametoka Dar es Salaam, amevaa raba nyeupe ambazo hazikubaki nyeupe kwa muda mrefu. Aliwasalimia wanawake wote kwa shikamoo, mmoja mmoja, na hilo lilimuudhi Scolastica zaidi. Alikuwa amejiandaa kwa adui mwenye kiburi.

Wanawake walikuwa wameketi katikati kabisa, mbele ya mlango wa mashine. Mbaruku alikuja mbio, jasho linamtoka.

"Nyie, nimesemaje? Ondokeni! Mnataka kuniaibisha mbele ya mgeni?"

Hakuna aliyeinuka. Akamgeukia Scolastica, akashusha sauti. "Mama Queen, nakuomba. Leo tu."

"Leo tu ndiyo siku yenyewe," alijibu.

Kelvin alitazama saa, akatazama simu, kisha akaja akachuchumaa mbele yao.

"Mama zangu, kuna shida gani? Mimi nina haraka kweli. Lazima tusaini leo, kesho orodha inafungwa."

"Orodha ya nini?"

"Ya wawekezaji. Sisi ni mfuko. Tunakusanya hela za watu, tunaziingiza kwenye biashara kama hii, tunapata hisa. Kila mwaka mifuko yote inapangwa: nani ameingia kwenye biashara nyingi zaidi. Mwaka huu tuko sawa na wenzetu wa Nairobi. Hii ya kwenu ikisainiwa leo, sisi ni namba moja."

"Kumbe sisi ni goli la dakika ya tisini!" Hadia alipiga kelele, na wanawake wakaangua kicheko. Hata Kelvin alicheka.

Scolastica hakucheka. "Hao wanaopanga, wanaangalia biashara mlizoingia zinaendeleaje?"

"Hapana mama, hiyo ni hesabu nyingine. Hii ni ya kuingia tu."

"Kuingia tu."

"Ndiyo."

"Basi jogoo wangu angekuwa namba moja tangu mwaka juzi."

Hapo Hadia alijifunika uso kwa kanga, na wateja waliokuwa wamekaa juu ya magunia yao wakaanza kupigana mabega. Kelvin aliona haya. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, na labda ndiyo sababu Scolastica alizidi kuchemka: alikuja kugombana na simba, akakuta ni mtoto wa mtu, ametumwa goli.

"Sikia, baba," alisema. "Hatuondoki hapa mpaka mtuambie kwa nini mnachukua chenga zetu. Mna hela za kununua hisa, mkakosa hela ya kununua chenga?"

Kelvin alikunja uso. "Chenga ndiyo nini?"

Hadia alichota kwenye ungo, akamfunulia kiganja. Kijana alizitazama zile punje zilizovunjika kama mtu anayeonyeshwa mdudu.

"Hizi? Sisi hatujasema lolote kuhusu hizi. Tuliomba uwanja ufagiliwe tu, kwa ajili ya picha."

Kicheko kilikatika. Vichwa vyote vikageuka upande mmoja, taratibu, kama alizeti. Mbaruku alikuwa anairekebisha kofia yake mpya ambayo haikuwa imepinda.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Hadia alinong'ona.

Scolastica aliinuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, lakini aliinuka. Hasira aliyokuwa nayo siku zote hizo juu ya watu asiowajua ilirudi njia nzima, ikafika uwanjani, ikamkuta mtu anayemjua.

"Mbaruku," alimwita, bila mzee, bila bwana.

"Biashara ni biashara, Mama Queen. Kuna mfuga kuku mkubwa pale Mpanda, anazitaka chenga zote, kila wiki. Ningefanyaje?"

"Ungesema! Ungesema ni wewe. Tungetukanana, tungegombana mpaka jua lizame, na kesho tungefanya kazi. Wewe umekwenda kumsingizia mtu asiyekuwepo. Umetufanya tumchukie mtoto wa watu ambaye hata chenga hazijui!"

"Punguza sauti, wateja wanasikia."

"Wasikie! Wanapangwa wawekezaji, si ndiyo? Na mimi napanga." Alimgeukia Kelvin. "Unaona hapo uliposimama? Huo mchanga tulibeba kwa vichwa vyetu. Hao wateja niliwaleta kwa miguu yangu. Alikuwa na nini huyu? Injini ya kukohoa. Sisi ndio tuliingia kwanza, tukaingia na migongo yetu, na hisa yetu ni hizo chenga. Alitupa mwenyewe kwa mdomo wake. Wewe leo ukiingia utakuwa wa pili, baba, hata huko kwenu wakikuandika wa kwanza."

Kelvin alitazama tena saa.

"Mama, hili ni dogo," alisema. "Tunaandika kipengele: chenga ni za akina mama. Ngoja niwapigie wakubwa wangu."

Alisogea pembeni ya gari, akaongea kidogo, akarudi anatabasamu. "Wamekubali."

Wanawake walipiga vigelegele. Scolastica alisimama tu. Walikubali kama mtu anavyokubali kuongezewa chumvi. Wangeambiwa kinyume chake, wangekubali vilevile, ilimradi karatasi isainiwe kabla ya jua kuzama. Jambo lililomkosesha raha siku zote hizo lilikuwa halina uzito wowote upande wa pili wa ile simu. Hilo lilimuuma kuliko kama wangekataa. Ndipo akakumbuka mashine mpya, ile inayochambua yenyewe.

"Andika vizuri," alisema. "Chenga ni zetu, zitoke kwenye ungo, zitoke kwenye mashine yenu mpya, zitoke popote. Hata siku tukikosa cha kupepeta."

"Hapo sasa unaniua!" Mbaruku aliruka. "Mashine inachambua, nyie mmekaa, mnachukua chenga za bure?"

"Mchanga tulioubeba ulikuwa wa bei gani?"

"Mama Queen..."

"Ulitaka kuniua kwa jina la watu wengine. Mimi nakuua kwa jina langu."

Mbaruku alimtazama Kelvin akitafuta msaada. Kelvin alikuwa anaitazama simu yake. "Mzee wangu," alisema, "muda unakwenda. Kama leo haiwezekani, kuna mashine moja Sumbawanga wanatusubiri." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama dereva anayeuliza abiria kama anapanda au hapandi.

Mbaruku aliivua kofia, akajipangusa uso kwa hiyo hiyo kofia, akatikisa kichwa kukubali.

Kipengele kiliandikwa. Scolastica akataka Mbaruku akisome mwenyewe, kwa sauti, mbele ya wote. Alisoma akimung'unya maneno. "Hatujasikia!" wakasema wanawake wa nyuma. Akasoma tena. Kisha walisaini juu ya boneti ya gari, na Kelvin akaomba awapige picha akina mama wakiwa na nyungo zao.

"Mama, cheka kidogo," alimwambia Scolastica.

"Nacheka nini?"

Ikapigwa hivyo hivyo.

Gari lilipoondoka, Mbaruku alibaki amesimama pembeni ya maturubai, kofia mkononi. Nywele zake zimeshakuwa na mvi, jambo ambalo Scolastica hakuwahi kuliona kwa sababu ya zile kofia.

"Yameisha, Mama Queen?" aliuliza kwa upole.

"Ya chenga yameisha."

"Na yetu?"

Scolastica alikaa, akavuta ungo magotini. Aliwaza jinsi alivyozunguka nyumba kwa nyumba na jina la mtu huyu mdomoni. "Washa mashine," alisema. "Watu wanasubiri mpunga wao."

Mashine mpya ilikuja baada ya mvua kupita. Inachambua kweli, na chenga zake zinatoka kwenye bomba la pembeni, ambako wanawake wanagawana kwa zamu. Mfuko wa Kelvin ulipata namba moja. Queen aliona kwenye simu, na ile picha ya mama yake ikiwa juu ya habari, amenuna. Kelvin mwenyewe hajarudi. Siku za Idi Mbaruku hutuma sukari na mchele mzuri kwa wapepetaji wote. Hadia huchukua fungu lake, akachukua na la Scolastica, kwa sababu mwenyewe halitaki. Scolastica akikutana na Mbaruku humsalimia kama anavyomsalimia mpita njia yeyote wa barabara ya Mpanda, kisha huendelea na safari yake.