Nilivyohamia Dar kwa sababu watu walishakula pilau

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioamka na chai na mlioamka na maji matupu.

Juzi kijana mmoja kauliza humu: yupo Arusha, kapata ofa Dar, mshahara mkubwa kuliko wa sasa, ahame au abaki? Mkamvamia. Huyu anamtajia kodi za Sinza, yule anampigia hesabu ya mkaa na gesi, mwingine anamwambia hama, maisha ni sasa. Nimesoma kurasa zote na sikuona hata mmoja aliyemuuliza swali la msingi: umeshamwambia nani?

Nitaeleza kwa nini nauliza. Haya yalinikuta mwenyewe na sijayatia chumvi. Mke wangu husoma humu kimyakimya, ana ruhusa ya kunisahihisha.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa.

Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, ghafla maduka yakajaa kila kitu, kuanzia dawa ya meno ya rangi tatu mpaka maziwa ya kopo kutoka nchi ambazo sikujua kama zina ng'ombe. Zamani tulikuwa na hela, hatuna cha kununua. Sasa vya kununua vikaja, hela ikaingia mitini.

Mimi nilikuwa afisa mipango wa kiwanda kimoja cha umma pale Tanga. Nina digrii ya uchumi. Kazi yangu ilikuwa kupanga uzalishaji wa kiwanda ambacho mashine zake nyingi zilikuwa zimelala zikisubiri vipuri. Nilipanga vizuri sana.

Mshahara ulikuwa unaisha kabla mwezi haujachangamka, na bei za Tanga nazo zilikuwa zinapanda kila ukipepesa macho. Lakini nilikuwa na nyumba ya kiwanda Raskazone, bure, ya enzi za ukoloni, yenye veranda kubwa kuliko vyumba vyake. Kazini nilikwenda kwa baiskeli. Mke wangu Mwanaidi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nazi, mihogo na samaki vilitoka kwa jamaa zake Pangani, na sikuwahi kuviita gharama za maisha kwa kuwa sikuvilipia.

Mchumi mimi.

Ndipo akatokea Kibwana. Tulisoma naye chuo kikuu, sasa yuko kampuni moja ya kuagiza bidhaa huko Dar. Alikuja na gari la Kijapani na miwani ya jua ambayo hakuivua hata ndani.

"Wewe bado upo huku?" akaniuliza, kama mtu aliyemkuta mwenzake mahabusu. "Bosi wangu anatafuta mtu kama wewe. Mara tatu ya mshahara wako, na hapo ni pa kuanzia."

Nilimwambia Mwanaidi. Akauliza, "Mara tatu ya kitu kidogo ni nini?"

Nikasema nitafikiria. Na ningefikiria kweli, kama Ijumaa ile nisingekwenda kula kwa mama mkwe, Bi Hadia, barabara ya kumi na nne, mtaa wa Ngamiani, nikatamka mbele ya watu: nafikiria kwenda Dar.

Nifungue mabano kidogo. Ngamiani neno "nafikiria" halivuki barabara. Lilitoka kwa mama mkwe likiwa nafikiria, likafika barabara ya kumi likiwa nakwenda, na sokoni likafika nikiwa nimeshapewa nyumba Oysterbay. Nafunga mabano.

Ijumaa iliyofuata nikaitwa. Nafika, nakuta mikeka imetandikwa uani, masufuria yako mafigani na ubani unafuka. Nasomewa dua ya safari.

"Mama," nikamnong'oneza, "mimi bado sijaamua."

"Ndiyo maana tunakuombea, mwanangu. Hebu sogea huku, moshi unakukosa."

Walikuja wote. Hata meneja wangu alikuja, Mzee Mhina, Mbondei wa Muheza na Mkristo safi, lakini pilau hiyo haikuuliza dini ya mtu. Akakaa mkekani, akaitikia amina kwa sauti kuliko wenye dini yao.

Baada ya kula nikatakiwa niombe radhi, maana msafiri haondoki na kinyongo cha mtu. Nikaomba. Watu wakasema tumekusamehe, nasi utusamehe. Isipokuwa jirani mmoja.

"Nimekusamehe yote, shemeji," akasema. "Ila ile pampu yangu ya baiskeli, hapana."

Kesho yake mizigo ikaanza kuletwa. Kila mwenye ndugu Dar alileta kikapu: nazi, machungwa, samaki wa kukaanga. Nikiwaambia nakwenda kuangalia tu, wanaitikia "ndiyo, ndiyo" huku wanakaza kamba.

Nikaenda, kwa likizo ya siku chache.

Kibwana alinipokea kwa miguu. Gari lilikuwa la bosi, alikuja nalo Tanga kufuatilia mzigo bandarini. Yeye alipanga chumba kimoja Mwananyamala. Akanipeleka kwa mwenye nyumba wa jirani: vyumba viwili, choo cha wote, maji ya kununua kwa ndoo, na kodi ya mwaka mzima mkononi kabla hujatundika pazia.

"Mwaka mzima? Nikifa katikati?" nikauliza.

"Mkeo atamalizia," akajibu yule mzee. Hakuwa anatania.

Nikazunguka kugawa vikapu. Magomeni, Temeke, Tandika. Na hapa wakuu ndipo nilipopata elimu ambayo chuo hawakunipa. Kila niliyemfikishia nazi za kwao alizipokea, akazinusa, akashukuru, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Hivi huko Tanga hawaajiri?"

Wote! Binamu yake mama mkwe, fundi cherehani pale Magomeni, alikwenda mbali zaidi. Alitaka kujua kama nyumba yangu ya Raskazone itabaki wazi.

Nikapiga hesabu upya ndani ya basi la kurudi, safari hii nikaingiza nyumba ya bure, baiskeli na samaki wa Pangani. Mara tatu ile ikanywea mpaka ikawa pungufu ya moja. Nikaamua sibanduki. Nilishuka Tanga nimefurahi kama mtu aliyepona homa.

Bi Hadia alikuwa mlangoni. "Umesahau nini?"

"Nimeamua kubaki, mama."

"Kubaki wapi? Watu wameshakula."

Jumatatu nikaingia ofisini. Kwenye kiti changu amekaa mpwa wake Mzee Mhina.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuaga?"

"Nimekuja kazini, mzee."

"Kazini wapi tena? Nafasi yako nimeshaijaza. Na nyumba kijana anahamia mwisho wa mwezi, ana mchumba huyu."

"Lakini mimi sijaandika barua ya kuacha kazi!"

"Barua ya nini," akasema, kwa upole kabisa, "na mji mzima ulikuwepo?"

Ningeweza kushitaki, najua. Lakini mashahidi wangu wangekuwa nani? Wote walikuwa mkekani.

Jioni nikamweleza Mwanaidi: kazi hakuna, na nyumba tunatolewa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta machozi.

"Ya Dar bado ipo?"

"Ipo."

"Basi twende. Tukibaki, kila nikienda sokoni nitaulizwa tunaondoka lini, mpaka nizeeke."

Kodi ya mwaka tuliilipa kwa bangili zake za dhahabu. Mshahara wa mara tatu uliishia kwenye maji, nauli na kujiwekea kodi ya mwaka wa pili. Chakula kililetwa na vitumbua alivyopika na kuuza Mwanaidi alfajiri kabla ya kwenda kufundisha shule aliyohamishiwa huko. Kwa maneno ya taaluma yangu, mimi nilikuwa na ajira, yeye alikuwa na uchumi.

Hazikupita siku nyingi, kiwanda kikauzwa. Aliyekinunua akang'oa mashine, akabakiza mlinzi. Mpwa wa Mzee Mhina akatolewa kwenye ile nyumba, yeye na mchumba wake.

Na Ngamiani wakasema nini? "Yule msomi aliona mbali."

Wakuu, sikuona hata pua yangu. Lakini mpaka leo nikienda harusini kule, wazee wananivuta pembeni wanauliza uchumi unaelekea wapi. Nami nakohoa kidogo, nawaeleza.

Kijana wa Arusha, hesabu zote walizokupa humu ni sahihi. Ongeza na vile usivyovilipia hapo ulipo. Muulize anayekuita gari analoendesha ni la nani. Ila kabla ya yote funga mdomo. Mshahara utaubana na mwenye nyumba utambembeleza, lakini watu wakishakuaga hawakupokei tena.

Sasa uwanja ni wenu. Mliohamia Dar kwa sababu ya mshahara, jitokezeni mtufundishe. Na mliohamia kwa sababu mliona aibu kubaki, najua ndio wengi, msijifiche nyuma ya wenzenu.