Barua za Kimombo na Kiti cha Marehemu

Fundi seremala wa mtaa ule alikuwa na sahihi nzuri kuliko mwandiko wake. Herufi ya kwanza aliizungusha taratibu, akavuta mstari mrefu chini yake, kisha akapuliza wino hata kama kalamu ni biki isiyohitaji kukaushwa. Aliipenda sahihi hiyo kupita kiasi, na binti yake alimtegea hapo hapo mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa fomu ya chuo kikuu. Ukoo mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba msichana asomee uhasibu. Mwenyewe hakuulizwa, naye hakubisha. Alijaza fomu yote kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, na penye jina la masomo akaandika Lugha ya Kiingereza na Fasihi. Akaipeleka karakana wakati baba ana gundi mikononi na mteja mlangoni. Baba akainyoosha karatasi mbali na uso, akaitazama kitambo, akasaini. Siri ikakaa mwaka mzima, mpaka baba mkubwa alipofungua begi la mtoto wakati wa likizo akitafuta kikokotoo, akakuta tamthilia nne na diwani ya mashairi.

"Kimombo?" akauliza baba mkubwa. "Mtu analala bweni miaka mitatu kusomea kuongea? Mbona kasuku anajifunza bure?"

Msichana akatoa kijitabu cha kitivo, akawasomea ukurasa wa kazi: mwalimu, mhariri, mtafsiri, mtangazaji, afisa uhusiano, mwandishi wa matangazo.

"Na hao wote," akauliza baba mkubwa, "wanakula saa ngapi?"

Basi akamaliza, akavaa joho, akapigwa picha. Wenzake wakatawanyika. Mmoja akaenda kufundisha darasa la watoto tisini. Wa pili akawa anaandika zile karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa, ambazo hakuna anayezisoma mpaka aanze kuwashwa mwili mzima. Wa tatu alipata kazi ya kupokea simu za wateja wa kampuni moja, akawa anatukanwa saa nane kwa siku na kujibu kwa adabu. Yeye aliomba kazi mahali arobaini na moja, kisha akakaa kwenye kaunta ya duka la stesheneri, kando ya mashine ya kutoa kopi. Kwa muda tu, alisema. Huo muda ulikuwa unaingia mwaka wa pili, na mtaa ulishampa jina: Kamusi.

Kazi yake ilikuwa kuandikia watu barua, na tusimnyime haki yake, alikuwa hodari. Mtu angekuja anatetemeka kwa hasira, "mwandikie huyo mwizi," na Kamusi angeandika kwamba mteja wake amesikitishwa kwa kiwango kisichoelezeka. Barua zote walizitaka kwa Kimombo. Ukimwandikia jirani kwa Kiswahili, atadhani mnazungumza. Ukimwandikia kwa Kimombo, anajua ni kesi. Kwamba jirani mwenyewe hakielewi, hilo lilikuwa tatizo la jirani, na kaunta ya kuelezewa ilikuwa ile ile.

Asubuhi moja akaingia Mama Mwenye Nyumba, mjane aliyekuwa akimpangisha baba yake ile karakana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kumwandikia mtu barua ya kumtoa kwenye chumba."

"Nani huyo?"

"Baba yako."

Kamusi akaweka kalamu chini.

"Ichukue hiyo kalamu," akasema mama. "Mimi na fundi tumegombana. Mimi na wewe hatuna neno. Au niende kwa yule wa mtaa wa pili, anayeandika kama anakimbizwa?"

Hapo ndipo alipopatikana. Angevumilia mengi, lakini si kuona baba yake anafukuzwa kwa barua mbovu. Akaandika. Jioni baba akaleta barua ile ile aelezwe, akaelezwa, akakunja uso, akasema, "Mjibu. Kwa heshima, lakini imchome." Akamjibu. Kesho yake mama akaleta jibu asomewe, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu mtu ana maneno," akaagiza nyingine. Kamusi akawa anajishambulia mwenyewe asubuhi na kujijibu jioni, na nisiseme uongo, wiki ya kwanza alifurahi mno. Sentensi nyingine aliziandika akicheka peke yake.

Barua ya tatu ya mama ndiyo iliyomkata kicheko. Safari hii tishio lilikuwa na tarehe: fundi ahame mwisho wa mwezi, chumba apewe mpwa wa mama afungue duka la simu. Karakana ile baba aliingia kijana, na sasa ilikuwa miaka thelathini na moja. Benchi lake la kazi alilifunga sakafuni kwa boliti. Nje ya pale alikuwa mzee mkimya asiyejua aweke wapi mikono. Kamusi alijua kabisa kwamba baba yake akitolewa pale hatafungua karakana nyingine, atakaa nyumbani kusubiri mchana uishe. Akaogopa.

Kulikuwa na mhadhiri mmoja chuoni aliyevaa koti moja muhula mzima. Kila siku aliwaambia: msishughulike na anachosema mwandishi, tafuteni anachokirudia, na anachokikwepa. Kamusi alidhani hayo ni ya kujibia mtihani. Siku hiyo, baba akiwa ameshaijibu na ile ya tatu, na kwa kuwa mashine ya kopi ilikuwa pembeni yake na kila barua alibaki na nakala, akazipanga zote sita kwenye kaunta.

Barua ya kwanza ya mama ililalamikia vumbi la mbao, kelele za msumeno, na kiti. Ya pili ililalamikia mlango wa uani, mbao zilizoziba njia, na kiti. Ya tatu ilisema hama, mpwa wangu anataka chumba, na nirudishiwe kiti. Majibu ya baba yalijibu vumbi, msumeno, mlango, njia na mpwa, kimoja baada ya kingine. Kiti hakukitaja hata mara moja.

Kiti chenyewe kilijulikana. Kilikuwa kiti cha mikono cha marehemu mume wa mama. Miaka miwili nyuma, mguu mmoja ulilegea, fundi akakichukua akitengeneze. Tangu hapo, kila akiulizwa, gundi ilikuwa haijakauka.

Mchana baba alipotoka kununua skrubu, Kamusi akaingia karakana, akapita nyuma ya mbao za plaiwudi, akafunua turubai. Kiti kilikuwepo. Mgongo wake ulikuwa mzima, mikono inang'aa, na miguu yote minne imebaki urefu wa shibiri. Kwenye kila mguu kulikuwa na alama za penseli, moja juu ya nyingine, nyingine zimefutwa, nyingine zimepindana. Baba alikata mmoja ukawa mfupi, akakata wa pili ulingane nao, kiti kikayumba, akakata wa tatu, na hivyo hivyo akashuka nacho mpaka karibu na sakafu. Kamusi akakumbuka karatasi zinavyoshikwa mbali na uso. Akakumbuka pia kwamba tangu juzijuzi ni yeye anayemtungia baba uzi kwenye sindano. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa imekaa kimya miaka miwili.

Angeweza kumuuliza. Lakini fundi aliyefanya kazi miaka thelathini na moja akiri mbele ya mwanawe kwamba haoni kipimo? Angekataa mchana kweupe, na mwisho wa mwezi ungefika wakiwa bado wanabishana. Basi akarudi kwenye ujanja wake wa zamani.

Baba alikuja jioni kuagiza barua ya nne. "Mwandikie sihami. Mwandikie sheria ipo, hata kama siijui."

"Sawa, baba."

Akaandika ukurasa mzima, hakuna hata neno moja la sheria. Baba akainyoosha karatasi mbali. Safari hii aliitazama kwa muda mrefu, mpaka Kamusi akaanza kupanga madaftari yaliyokuwa yamepangika. Kisha akasaini, akapuliza wino.

"Kesho saa nne nitamsomea," Kamusi akasema. "Ukipenda, pita usikie anajibu nini."

Saa nne mama alikuwa ameketi mbele ya kaunta, fundi amesimama mlangoni anajifanya kutazama bei za kalamu. Kamusi hakuwahi kubadili neno la mtu anapofasiri, na hakutaka kuanzia hapo. Akajikaza, akasoma kwa Kiswahili:

"'Mama, kiti cha marehemu sikukiuza wala hakikupotea. Nilikikata. Nilikosea mguu mmoja, nikajaribu kusawazisha, na kila nikisawazisha ninakosea tena, mpaka miguu ikaisha. Macho yangu ya karibu yamekwenda. Niliona haya kukuambia, na ndiyo maana nikipita kwako natazama upande wa pili. Nisamehe. Ukiona baada ya haya bado nihame, nitahama bila barua nyingine.'"

Mteja aliyekuwa anatoa kopi aliacha kutoa kopi. Kamusi hakuthubutu kumtazama baba yake. Ile sentensi ya mwisho aliiweka mwenyewe, na sasa alijua ameweka karakana nzima mkononi mwa mama, kwa sahihi ya mtu asiyejua.

Mama akageuka. "Fundi. Hayo ni maneno yako?"

"Sahihi ni yangu," akasema baba.

"Sikuuliza sahihi."

Baba akashika kalamu moja ya kwenye kopo, akairudisha. Angekana hapo, binti angekuwa mwongo mbele ya mtaa mzima, na hakuna ambaye angemlaumu kwa kukana.

"Ni maneno yangu," akasema.

"Nionyeshe."

Wakaenda wote watatu. Baba mwenyewe akafunua turubai, akakileta kiti katikati ya karakana, akasimama kando yake. Mama akakitazama, akainua gauni kidogo, akakikalia. Magoti yalipanda mpaka karibu na kidevu. Akakaa hivyo, akapapasa mikono ya kiti, kisha mabega yakaanza kutikisika, na Kamusi akadhani analia.

Alikuwa anacheka. "Marehemu alikuwa mfupi, fundi. Umesahau? Miaka ishirini na tano alikalia kiti hiki miguu haigusi chini, ananing'inia kama mtoto wa shule. Na hataki aambiwe." Akafuta macho kwa kiganja. "Ungekikata akiwa hai, mwanamume wa watu angekushukuru."

Baba alicheka pia, kwanza kwa woga, halafu kweli. Mama sasa alikuwa analia kidogo, na hakujificha.

"Nilidhani umekiuza," akasema. "Miaka miwili namhesabu mtu mwizi, na kumbe ni kipofu tu. Mpwa wangu atafute kwingine, simu zinauzwa popote. Ile barua ya kukutoa iko wapi? Upande wa nyuma ni mweupe, nichoree kabati. Lakini uvae miwani kwanza, fundi, kabati silitaki la kuinamia."

Akaondoka na kiti chake, amekibeba kwapani bila taabu.

Walipobaki wawili, Kamusi akaanza kusafisha benchi ambalo halikuwa chafu. "Baba, naomba unisamehe. Nilikusainisha kitu usichokijua."

Baba akanyoosha kidole ukutani. Katalogi ya zamani ya samani ilining'inia pale tangu kabla Kamusi hajazaliwa, kurasa zimekuwa za kahawia kwa vumbi la mbao. "Kiti kwa Kimombo nakijua. Kiko pale ukurasa mzima. Kwenye barua yako nilikiona."

"Sasa mbona ulisaini?"

"Ningeyasemaje mwenyewe, mwanangu?"

Likamjia Kamusi jambo jingine, akauliza taratibu, "Na ile fomu ya chuo?"

"Kwenye kalenda ile pale, ya ofisi moja ya wahasibu, neno lao la Kimombo limeandikwa kubwa juu kabisa. Kwenye fomu yako nililitafuta kote sikuliona." Akainama, akavuta ubao, akatoa futi mfukoni, akaifungua na kuilaza juu ya ubao. Akaitazama kwa karibu, akaitazama kwa mbali, kisha akamsogezea binti yake. "Haya, msomi. Nisomee namba. Na uisome kama ilivyo."