Mkono Uliozoea Ndiva

Wenzangu chuoni waliogopa hesabu za klorini. Mimi niliogopa mkono wangu wa kulia.

Kwetu ni juu milimani, upande wa Chome, na maharage yetu yananyweshwa kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo na mawe. Linajaa usiku kucha, asubuhi mwenye zamu analifungulia maji yashuke mferejini. Kufungulia kwenyewe hakuna ustaarabu. Unaushika mti ulioziba tundu, unajikaza, unauchomoa kwa mkupuo mmoja. Ukiuvuta kidogo kidogo, matope na majani yanaziba njia, halafu mama atakutukana kwa Chasu, Kipare chetu, matusi ambayo nusu yanamrudia mwenyewe, maana ndiye aliyekuzaa. Mimi nimechomoa tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilikuwa nasifiwa.

Sasa nipo chuo cha ufundi hapa Same mjini, nasomea uendeshaji wa mitambo ya maji. Huwezi kupewa cheti bila mtihani wa vitendo, na swali lisilokosekana ni kujaza bomba tupu kutoka kwenye tangi. Koki inafunguliwa polepole, hewa itoke kwanza. Ukifungua ghafla, maji yanatimua mbio ndani ya bomba, yanagonga mwisho uliofungwa, na kitu lazima kipasuke.

Nilijua hayo yote. Kwenye karatasi ya majaribio niliyaeleza vizuri mpaka nikaanza kuringa. Tukatoka kwenda uwanjani kwenye vitendo, nikashika usukani wa koki, mkono ukasikia maji yako pale ndani, ukasahau shule. Nikauzungusha wote.

Bomba lilinguruma. Likaruka juu ya vishikio vyake, kiungo cha mwisho kikafyatuka kikaenda kubandua plasta ya ukuta, na maji yakamlowanisha mwalimu kuanzia kola mpaka soksi.

"Mpare ameua bomba!" akapiga kelele rafiki yangu, mtoto wa wafugaji wa kule tambarare. "Sasa utalipeleka mahakamani, kama kawaida yenu Wapare?"

"Lazima," nikasema. "Limenimwagia maji bila kibali cha kijiji."

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinishika bega akanipeleka ukutani, akaniwekea kidole kwenye paji la uso, kisha akakihamishia kwenye plasta iliyobanduka. Urefu ulikuwa uleule.

"Ungesimama hapa, ungechekea wapi?" akauliza. "Na ukifanya hivi mbele ya mtahini, huulizwi swali la pili. Umefeli, unatoka."

Jioni nikampigia baba, nikitegemea faraja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ukifeli usipande huku. Teremka Kileo kwa baba yako mdogo ukalime. Ameshakununulia jembe."

"Jembe, baba? Mtihani wenyewe bado!"

"Ndiyo maana kanunua mapema. Msimu ukianza yanapanda bei."

Baba hakuwa anatania; kwa baba mdogo nilishawahi kwenda likizo moja, na mgongo wangu unamkumbuka vizuri.

Rafiki yangu ndiye aliyebuni mazoezi. Kila wanafunzi walipopanga foleni ya ndoo kwenye koki ya jikoni, alinisimamisha pale niwafungulie, naye ananiangalia mkono kama anayechunga ndama mkorofi. Nilifungua taratibu mpaka foleni ikafika bwaloni.

"Wewe, unafungua maji au unabembeleza mchumba?" dada mmoja akafoka.

"Vyote, dada."

Nilicheka nao, lakini kila ndoo mpya ilipokuja mkono uliwashwa kuzungusha wote. Haukuacha kuwashwa hata siku moja.

Siku ya mtihani mtahini alikuwa mama mmoja mnene mwenye kofia ngumu ya njano. Nilimwamkia mara mbili kwa woga. Akaitikia mara mbili, akaonyesha tangi.

"Jaza bomba."

Nikakagua viungo. Nikafungua kitundu cha hewa. Nikashika usukani kwa mkono wa kulia, wa kushoto nikauweka juu yake, ili uubane. Nikazungusha kidogo. Maji yakaanza kunong'ona. Mkono wa kulia ukaruka. Nikaukandamiza kwa tumbo, nimeinama kama mwenye kichomi. Hewa ikapiga mluzi kwenye kitundu. Nikangoja, jasho linanichoma machoni. Nikazungusha tena kidogo. Mluzi ukageuka kukohoa, ukatema matone, kisha maji matupu. Nikafunga kitundu, nikaongeza. Sindano ya geji ya presha ikapanda bila kutetemeka. Ilikuwa imara kuliko mimi.

"Unaumwa tumbo?" mtahini akauliza.

"Hapana, mama. Naogopa."

"Unaniogopa mimi?"

"Naogopa bomba, mama. Na jembe."

Hakuelewa habari ya jembe, akaenda kupapasa viungo vyote kwa kiganja. Vyote vikavu. Akarudi.

"Hapa kwangu umepita. Achia koki, umwite anayefuata."

Nilimsikia, lakini vidole havikunisikia mimi. Vilikuwa vimekaza kwenye usukani, vyeupe kwenye vifundo.

"Achia, mwanangu. Imekwisha."

Nikaanza na kidole gumba, kikafuata kinachofuata, polepole, nikiisikilizia geji, kwa sababu hata kuachia niliogopa kuachia ghafla.